Ufunguo Uliopanda Mti

Jumatatu, 30 Machi

Kalina amekuja na sheria. Ana miaka ishirini na sita, ametoka Sofia, mji mkuu, ana miezi miwili tu kwenye chama chetu cha ushirika cha wakulima wa cheri, na tayari ana sheria. Nne. Amezibandika ukutani juu ya mashine ya kahawa, pale pale ninapoegemea mimi kila asubuhi.

Zote zinahusu mtambo wa mlimani. Mtambo huo ni wangu. Yaani, ni wa chama, lakini mimi ndiye ninayeujua. Uko ndani ya kibanda kule juu, hauna kioo wala kibodi. Unapima baridi. Baridi ikivuka kiwango, unapiga simu za wakulima wote waamke wakawashe moshi chini ya miti, maua yasigande. Wakati wa theluji tunakiweka kiwango nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, ili simu zisilie bure. Maua yakikaribia, mtu anaingia kwa kompyuta kutoka hapa ofisini na kukirudisha kwenye nyuzi mbili chini ya sifuri. Miaka tisa sasa mtu huyo ni mimi, Gencho.

Neno letu la siri la zamani limefutwa. Lilikuwa "cheri". Kalina anasema angelikisia hata mbuzi. Sasa kila mtu atakuwa na jozi ya funguo. Mmoja wa hadharani, unauacha mtamboni kama kufuli. Mwingine wa siri, unakaa kwenye kompyuta yako, hautoki, hauazimwi, na unaufunga kwa maneno ya siri. Maneno hayo yaandikwe kwa herufi za Kilatini, si zetu za Kisirili. Hiyo ndiyo sheria ya nne.

Nikamwuliza: kama ufunguo hautoki, mtambo unaujuaje? Akasema mtambo unatoa fumbo, na mwenye ufunguo ndiye pekee anayeweza kulifumbua. Jibu linasafiri. Ufunguo hausogei hata hatua moja.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, hata kahawa imepoa. Kumtambua mtu kwa jibu lake tu. Shangazi Ruska hunifanyia hivyo mlangoni nikitoka kilabuni.

Mwenyekiti, Mzee Metodi, ametangaza kwamba baada ya Pasaka atachagua msimamizi wa mtambo, mimi au Kalina. Asiyechaguliwa atatafutiwa shughuli nyingine. Chama hakina shughuli nyingine.

Jumanne, 31 Machi

Nimepata mpango. Mtu asiyeweza kuingia mtamboni hawezi kuusimamia. Basi mtambo uwe na kufuli moja tu: langu.

Kalina alikwenda kwa daktari wa meno. Nikamalizia barua ya kuagiza dawa ya kunyunyizia miti, kisha nikatengeneza jozi yangu. Ukiandika maneno ya siri hakionekani kitu, hata nukta. Inashangaza. Unaandika gizani na kompyuta inaelewa. Nilichagua maneno ambayo sitayasahau kamwe, kuhusu mkate wa matabaka anaotuokea Shangazi: "banitsa ya shangazi ina chumvi nyingi".

Halafu nikaingia mtamboni kwa mara ya mwisho kupitia mlango ambao Kalina aliuacha wazi kwa ajili yangu. Nikaweka kufuli langu. Nikaondoa lake. Nikaufunga mlango. Kiwango cha baridi sikukigusa. Hiyo ni kazi ya msimamizi, na msimamizi bado hajatangazwa.

Ukabaki ufunguo wa siri. Kalina anasema usitoke kwenye kompyuta, lakini kompyuta si huibiwa? Nikauhamishia kwenye flashi ndogo kama ukucha, na kwenye kompyuta nikaufuta. Kisha wapi pa kuificha? Nilizunguka nyumba nzima. Mwisho nikajitazama kwenye kioo na nikaona jibu kifuani mwangu: martenitsa, pambo la bahati aliloninibandika Shangazi tarehe mosi Machi. Vidoli viwili vya uzi, Pizho mweupe na Penda mwekundu. Penda ana sketi. Flashi imeingia sketini kana kwamba ilishonwa humo.

Ufunguo utatembea nami popote koti langu liendako. Nimejipongeza kwa pombe ya rakia, tone tu.

Jumatano, 1 Aprili

Asubuhi Kalina aliniambia, uso mkavu kabisa, kwamba utabiri umebadilika: baridi ya kugandisha inashuka Ijumaa alfajiri. Nikacheka. Mimi si wa kudanganywa Siku ya Wajinga. Baada ya kahawa akasema mtambo umemkatalia kuingia. Nikacheka tena. Akanitazama, akauliza kama huo ni utani wangu. Nikasema leo ni leo.

Mchana Mzee Metodi naye akazungumzia baridi. Mzee Metodi hajawahi kufanya utani tangu ajiunge na chama. Nikaacha kucheka.

Nikasema nitaingia mimi, wasiwe na wasiwasi. Nikashika koti. Kifua cha koti kilikuwa kitupu, na kitundu cha pini tu.

Nilikimbia nyumbani. Shangazi Ruska alikuwa anamenya viazi. Akasema mplamu wa kanisani umechanua tangu jana, Machi imekwisha, kwa hiyo alfajiri amekusanya martenitsa za nyumba nzima na kwenda kuzitundika mtini kama inavyopasa. "Nikuache na uzi kifuani mpaka Krismasi? Watu watasema huna mtu wa kukutunza."

Nikamwuliza ameitundika tawi gani. Akasema lenye maua.

Alhamisi, 2 Aprili

Kijiji kizima hutundika kwenye mplamu ule. Nilisimama chini yake saa moja asubuhi nikatazama juu. Uzi mwekundu na mweupe kila tawi, Penda mamia kwa mamia, wote na sketi.

Nilikuwa nimebinya Penda kama ishirini hivi, bibi watatu waliponikuta. Mmoja akanishika suruali. "Wewe mwanamume, shusha mkono. Hayo ni maombi ya watu." Mwingine akataka kujua kwa nini naiba bahati ya wajukuu wake. Wa tatu akaenda kumwita Mzee Metodi.

Mzee Metodi alikuja na Kalina. Ikabidi niseme yote. Nilianza na daktari wa meno nikamalizia na sketi. Aibu niliyoisikia sitaki kuiandika. Mzee Metodi akasema kibandani hatufiki, theluji ya njiani ni ya kiunoni, na wakulima sitini na wawili watalala usiku huu wakidhani mtambo unawaangalia. Alisema polepole. Ningependelea angepiga kelele.

Kalina hakugomba. Akaleta ngazi, akaishika, akaniambia, "Panda, kaka Gencho. Binya tu, usifungue, bibi wanaangalia." Shangazi Ruska akafika na aproni yake, akalalamika kwamba alipomtundika Penda yule aliniombea nisifukuzwe kazi, na nikimshusha shauri yangu.

Penda wa arobaini na tatu alikuwa mgumu tumboni.

Tukaenda ofisini msafara mzima, bibi wakiwemo. Nikachomeka flashi, nikaandika maneno ya siri. Yakakataliwa. Mara tatu. Kalina akasema niyataje kwa sauti, ayaandike yeye. Nikasema afadhali nisiyataje. Mzee Metodi akatazama saa ya ukutani.

Nikayataja.

Kisha Shangazi Ruska akauliza, banitsa ipi, ya jibini au ya malenge.

Kalina akayaandika. Yakakataliwa hata kwake. Akaegemea kiti, akafikiri, akaniuliza kwa upole kabla ya kutengeneza jozi nilikuwa naandika nini. Barua ya dawa, nikasema. Kwa herufi zipi? Zetu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje hapa. Siku ile vidole vyangu vilibonyeza vitufe vya Kilatini, lakini kibodi ilikuwa bado kwenye herufi zetu, na kwa kuwa hakionekani kitu, nisingejua. Akabadilisha kibodi, akabonyeza vitufe vile vile. Mtambo ukafunguka.

Nyuzi mbili. Aliweka yeye. Kisha akarudisha kufuli lake kando ya langu. Nikamwuliza kama mtambo unaweza kujua kwamba ufunguo umewahi kupanda mti. Akasema hapana, kwa bahati nzuri yangu.

Ijumaa, 3 Aprili

Simu zililia alfajiri. Nyuzi tatu chini ya sifuri. Nilivuta moshi wa majani mabichi pamoja na wenzangu mpaka jua lilipotoka, na maua yakabaki meupe, yameinuka. Nilitokwa na machozi na nikasingizia moshi.

Mzee Metodi hakusubiri Pasaka. Kalina ni msimamizi. Mimi ni msaidizi wake, kwa sababu Kalina mwenyewe aliomba nibaki. Amesema lazima kuwe na mtu wa kumwuliza maswali.

Nyumbani Shangazi anasema si mtambo wala Kalina aliyeokoa cheri. Ni yai. Kila mwaka, kabla ya yai jipya jekundu la Pasaka kuwekwa mbele ya picha ya Bikira Maria, analichukua la mwaka uliopita na kulifukia chini ya mti wa cheri, na pamba yake yote. Alieleza kwa kirefu. Sikumsikiliza sana, nilikuwa nawaza. Banitsa ya leo haikuwa na chumvi hata chembe.

Jumatano, 8 Aprili

Kalina amekwenda kwao Sofia kwa sikukuu. Aliniachia mtambo. "Uko mikononi mwako, kaka Gencho. Usiguse kitu."

Nimefikiria sana makosa yangu, na nimeyaona. Kosa la kwanza ni herufi. Kosa la pili ni kuvaa ufunguo. Kitu kinachovaliwa huvuliwa.

Kwa hiyo nimetengeneza jozi mpya, na kibodi nimeitazama mara mbili. Kufuli la Kalina nimeliondoa, kwa muda tu, ili akirudi aniombe kwa adabu. Ufunguo wa siri nimeuhamishia kwenye flashi na kuufuta kwenye kompyuta. Mzee Metodi anasema baridi itarudi Jumapili ya Pasaka. Ije tu.

Safari hii nimeuficha mahali ambapo hakuna mkono uliogusa tangu Pasaka iliyopita. Mbele ya Bikira Maria kuna kikombe, ndani ya kikombe kuna pamba, juu ya pamba kuna yai jekundu la mwaka jana. Flashi iko chini kabisa ya pamba. Haionekani.

Kesho Shangazi anachovya mayai kwenye rangi nyekundu, tayari nyumba nzima inanuka siki. Sasa hivi namwona dirishani, yuko shambani na jembe dogo, anachimba kashimo chini ya mti wa cheri. Nashangaa anataka kupanda nini msimu huu. Nitamwuliza kesho.