Maswali Yaliyochoka

Jumatatu, 20 Oktoba 1986. Nyaishozi.
Mtihani wa walimu wa kupanda daraja umekaribia. Mwalimu Mkuu wetu, Mama Costansia, ametangaza kwamba atakayeanguka mara ya pili ataondolewa darasani. Mimi nilianguka mwaka jana. Hakunitazama aliposema hivyo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Baadaye aliniazima mitihani ya zamani, bunda zima. Alisema shule haina nakala nyingine, niisome na kuirudisha salama. Nimeapa.

Jumatano, 22 Oktoba.
Maswali ni mengi kuliko kichwa changu. Lakini nimepata njia. Swali lililotoka miaka ya karibuni limechoka, haliwezi kurudi. Lililopotea siku nyingi ndilo linakuja. Nimechukua wembe, nikayakata maswali moja moja, nikayapanga mkekani: yaliyochoka kushoto, yanayokuja kulia. Mke wangu Laurensia aliuliza kama karatasi hizo ni zangu. Nikamwambia asinivuruge. Kisha kuku akapita katikati ya mkeka. Nimepanga upya, ila sina hakika na maswali ya kilimo.

Ijumaa, 24 Oktoba.
Mwalimu Melkiory wa darasa la nne naye anafanya mtihani huu. Wanasema nafasi za kupanda ni chache. Nimempelekea yaliyochoka, kapu zima, ayasome mpaka azeeke. Alinishukuru hadi nikaona aibu. Aibu iliisha nilipofika barabarani.

Jumapili, 26 Oktoba.
Baada ya misa Mama Costansia alinisimamisha nje ya kanisa. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mgonjwa. Alisema mpwa wake Evangelina, mwalimu kule Kanoni, anaihitaji ile mitihani. Nikajibu kwamba naitengenezea jalada.

“Jalada la nini, Fidele? Ilikuwa na pini.”

Nikasema pini imeshika kutu. Alinitazama mpaka kanisa likawa tupu. Ndizi za mchana nimewapa kuku. Hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimeikataa, na Laurensia ameanza kuhofia afya yangu.

Jumanne, 28 Oktoba.
Mama Costansia amekuja mwenyewe. Nilimwona akikunja kona, nikakimbilia kibanjani, nikachuchumaa nyuma ya mgomba. Nilimsikia Laurensia akimkaribisha, akimpa kiti, kisha, Mungu amsamehe, akimwonyesha mkeka. Moyo ulinidunda, nikadhani hata migomba inausikia.

“Fidele, toka huko. Mguu wako unaonekana.”

Nilitoka. Hakunikemea. Alisema tutaongea baada ya mtihani. Afadhali angenichapa.

Jumatatu, 3 Novemba.
Mtihani. Swali la kwanza: sababu za Vita vya Majimaji. Hilo nilimpa Melkiory. La pili: mmomonyoko wa udongo. Nalo nilimpa Melkiory. Nikafunua ukurasa polepole, kama mtu anayefunua shuka la maiti. Yale ya kulia hayakuwepo, isipokuwa moja la kilimo, na hilo kuku alinichanganyia. Jasho lilidondokea karatasi. Msimamizi aliuliza kama nina malaria. Nikasema ninayo. Akanifungulia dirisha. Nyuma yangu kalamu ya Melkiory ilikwaruza bila kupumzika.

Tulipotoka alinishika mikono yote miwili. “Ndugu yangu, umeniokoa. Karibu yote yalikuwa kwenye kapu lako.” Machozi yalimlengalenga. Nikamwambia ndugu ni kusaidiana.

Ijumaa, 7 Novemba.
Mama Costansia aliniita ofisini. Miguu ilinisindikiza kwa kulazimishwa. Nilitegemea kufukuzwa. Alisema hatapeleka habari wilayani, kwa kumhurumia Laurensia. Kama nimeanguka, matokeo yatasema yenyewe. Ila nitainakili mitihani yote upya kwa mkono, neno kwa neno, mbele ya meza yake, ili walimu wengine waisome. Melkiory amesharudisha vipande vyake, vimenyooshwa vizuri. Nilishukuru mpaka sauti ikakatika.

Nimeandika hadi vidole vimekufa ganzi. Mama Costansia akisimama nyuma yangu, mwandiko unapinda. Alipotoka kwenda kuwanyamazisha darasa la pili, nilifika kwenye Majimaji. Nikatafakari. Limetoka Jumatatu hii, haliwezi kurudi mwakani. Nimeliruka. Na la mmomonyoko nimeliruka pia.