Televisheni ya Babu na Wageni wa Mbwera

Jamani, leo nusura nimkoseshe shangazi yangu mume. Sababu ni televisheni. Naandika haya nikiwa nyuma ya banda la kuku, na hata kuku wananitazama kwa jicho la pembeni.

Nianze mwanzo, maana nikirukia aibu mtadhani nina wazimu. (Mtadhani tu, lakini angalau kwa mpangilio.)

Hapa nyumbani Kibiti kuna TV ya marehemu babu. Si ile ya chogo mnayoijua. Hii ni babu yake chogo: sanduku la mbao lenye miguu minne na vijilango viwili mbele kama kabati. Ndani haina chipu hata moja. Ni valvu tupu, vile vichupa vya kioo vinavyopata moto taratibu na kung'aa kama kandili. Babu alikuwa akipeleka boriti za mikoko Unguja, safari moja akarudi nayo. Bibi anasema waliiwasha kwa jenereta la mashine ya kukoboa mpunga, ikaonyesha mtu anasoma habari kichwa kimepinda, halafu ikazima. Mpaka leo.

Mimi nina digrii ya umeme na sina kazi. Bibi kaniambia, "Mume wangu, ukiiwasha hiyo, nitaamini huko ulikokuwa ni shule."

Basi nikaifungua mgongo. Vumbi! Panya walizaa humo, wakalea, wakaozesha. Nikasafisha, nikapiga msasa miguu ya valvu, nikaenda dukani kutafuta kapasita. Muuzaji akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamia.

"TV ya valvu? Yenye milango ya mbao?"

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, funga mdomo. Watu wanazitafuta hizo. Zina zebaki nyekundu, mali ya mamilioni."

Mimi najua huo ni uongo. Nimesoma umeme. Hakuna zebaki nyekundu kwenye TV yoyote. Lakini mwizi hajasoma umeme! (Hapa ndipo akili yangu huniua.) Tangu siku hiyo kila anayepiga hodi namwangalia mikono.

Sasa leo asubuhi. Napita nyuma ya jiko, namsikia Shangazi Mwanaidi kwenye simu, anaongea chini chini.

"Waambie waje mchana. Shabani asijue. Akijua ataharibu."

Shabani ni mimi. Shangazi! Huyu aliyenilea baada ya kuachika na kurudi nyumbani, huyu aliyeuza mpaka kuku wake niende chuo, leo anashirikiana na watu wa zebaki?

Nikaanza kuchunguza. Uani kumefagiliwa kama Idi. Jikoni kuna pilau, na kambamti wanakaangwa. Ndani udi unafuka. Mimi nikajiambia: udi wa nini mchana huu, kama si wa kuitoa zebaki? Nikamfuata Bibi.

"Bibi, leo kuna wageni?"

"Wageni huja na Mungu," akasema, bila kunitazama. "Hilo dude lako lifunike, linatia aibu."

Lifunike! Na Bibi yumo!

Nikaamua kuwawahi. Kama TV ikiwaka mbele ya watu, nani atathubutu kuivunja? Nikaisukuma chumbani kwangu, pazia tu ndilo linalotutenga na sebule. Nikaiunganisha na umeme kupitia balbu ya kawaida, ili kama kuna shoti iwake balbu, isiwake nyumba. Nikawasha. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Mara nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Nikaiacha hivyo hivyo, nikatoka mbio.

Mlangoni wazee wawili. Mmoja kanzu, kofia, fimbo, uso wa bashasha. (Matapeli wote wana bashasha.) Wa pili kimya, ana mikono mikubwa yenye alama za grisi. Grisi! Fundi wao huyo, nikajua.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Baba alikuwa anatokea Ikwiriri na pikipiki ilimzimikia njiani. Hilo nililijua. Lakini kwa nini niwaambie wezi kwamba hakuna mwanamume mwingine?

"Mimi ndiye mwenye nyumba kwa leo," nikasema, nikakaza sauti.

Wakakaa kwenye mkeka. Yule wa kanzu akakohoa, akaanza.

"Sisi tumetoka Mbwera. Tumekuja kwa boti, tukaja kwa gari, kwa sababu ya harufu nzuri. Tumesikia humu ndani mna kitu cha thamani, mmekitunza siku nyingi. Tumekuja kwa adabu zetu kukiomba."

Mnaona? Nyinyi mnaona. Mimi sikuona! Kila mtoto wa pwani anajua watu wanaoanza kusema hivi wamekuja kutafuta nini. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa zebaki.

"Nani kawaambia kipo?" nikauliza.

Mzee akacheka, akamgusa mwenzake goti. "Kizuri hakijifichi."

"Hakiuzwi."

"Hatukuja kununua, mwanangu. Tumekuja kuomba."

Bure kabisa! Wezi wa siku hizi hawana hata haya. Nikaamua kuwavunja moyo. Na kwa ujanja wangu, neno TV sikulitaja hata mara moja. Kama wao wanasema "kitu", na mimi nitasema "kitu". (Ujanja huu ndio ulioniua.)

"Wazee wangu, mmedanganywa. Hicho kitu ni kizee."

Mzee akameza mate. "Kizee ndicho kilichotulia."

"Hakijatulia. Mgongo wote umeoza. Ndani ni vumbi, na panya wamezaa."

Yule wa grisi akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Panya?" akauliza.

"Panya! Kilishawahi kuwa kwa watu, kikawashinda. Siku hizi mpaka kipate moto utasubiri mchana kutwa. Na kikipata moto hakina cha kuonyesha, kinanguruma tu."

Mzee wa fimbo akasogea mbele, amekunja uso.

"Ananguruma?"

Nikajisemea moyoni: huyu hata ngeli hazijui, kitu anakiita "a-".

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Ndipo, nyuma ya pazia, ikasikika: NGUUURRRRR!

Valvu zilikuwa zimepata joto.

Mzee akashika fimbo kwa mikono miwili. "Audhubillahi! Ndiye huyo?"

"Ndicho hicho!" nikapiga kelele kwa furaha. "Kimewaka!"

Wakati huohuo Shangazi Mwanaidi akatokea upande wa jikoni, khanga mpya, hina mikononi, sinia ya sharubati. Nyuma yake Bibi. Wazee wakamtazama Shangazi. Wakatazama pazia. Wakamtazama tena Shangazi.

"Shabani," akasema Shangazi, taratibu sana, "umewaambia nini wageni wangu?"

"Shangazi, hawa wamekuja kuchukua TV ya babu!"

"TV gani?" Bibi akashika kichwa. "Mume wangu, hawa ni watu wa posa!"

Ile TV tu ndiyo iliyoendelea kunguruma.

Nikayapitia maneno yangu, moja moja. Kizee. Mgongo umeoza. Panya. Kikawashinda watu. Jamani! Nikatafuta pa kuingia, mkeka ukakataa. Na Shangazi akaiweka sinia chini, akatazama sakafu kama mtu aliyekwisha kuambiwa hapana.

Yule wa grisi ndiye aliyesema. Kumbe hakuwa fundi wa zebaki, alikuwa bwana harusi mwenyewe, aliyefiwa na mkewe, mwenye boti ya kubeba abiria. Kakataa kubaki Mbwera akisubiri majibu.

"Mimi nimezeekea kwenye injini," akasema, anamtazama Shangazi. "Kunguruma hakunitishi. Kinachonitisha mimi ni nyumba iliyo kimya."

Shangazi akavuta khanga usoni, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

Baba akaingia mambo yameshaisha, kajaa vumbi la barabara, akaanza kuomba radhi. "Wazee wangu samahanini, nimechelewa. Mmeshaelezwa lolote?"

"Tumeelezwa yote," akasema mzee wa fimbo. "Mpaka panya."

Posa imepokewa. Pilau limeliwa, mimi nikala jikoni. Baadaye Bibi akafungua pazia, wakakusanyika wote mbele ya TV. Ilikuwa inaonyesha chenga tu, kwa sababu mitambo ya kurushia picha za aina ile ilikwisha kuzimwa. Bibi alizitazama zile chenga kwa muda mrefu, akafuta macho.

"Kweli ulikuwa shule," akaniambia. "Ila shule ya nyumbani ulitoroka mapema."

Basi ndugu zangu, nimejifunza. Televisheni ni "i-". Shangazi ni "a-". Hiyo "ki-" waachieni washenga.