Kikokotoo Kisichozimika

Ndugu msomaji, nakusihi, soma kimoyomoyo na usimwambie hata mnayelala naye chumba kimoja. Mimi ni karani wa masjala, sijatimiza miezi mitatu kazini. Jana nilitumwa kuinukuu hotuba ya Mkurugenzi wetu katika ukumbi wa shule, mbele ya wanafunzi arobaini wanaofanya mtihani wa hisabati Jumatatu. Sasa anataka nisaini kwamba vikokotoo vyao arobaini vimepokelewa. Hotuba yenyewe hii, sijapunguza neno:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayemshikia Makamu mwavuli, Mama Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wanangu, na wote ambao nikiwataja kwa vyeo vyao jua litatuzamia hapa, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

"Nimesimama hapa, kwa unyenyekevu wangu mkubwa unaojulikana na kila mtu, kuzindua Programu ya Kistrateji ya Implimentesheni ya Kikokotoo cha Grafu, ambayo kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe garini nikija huku, itapunguza ujinga kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Makofi. Mwalimu wa hisabati hapigi.) Zamani mtoto akikutana na mlinganyo kama huu, mbili kwa kipeo cha x ni sawa na x jumlisha tatu, alitafuna kalamu mpaka kengele ikalia. Leo unachora pande zote mbili, mistari inakutana, unaipa mashine kisio, yaani unakisia jibu liko wapi, nayo inalisogelea hatua kwa hatua mpaka inalinasa. Naipa kisio cha mbili. Tazameni: mbili nukta nne nne! (Vigelegele.)

"Naam, mwalimu, nakuona umenyoosha mkono kama unasimamisha basi. ('Mheshimiwa, mistari hiyo inakutana mara mbili. Jaribu kisio cha hasi tatu, utapata jibu la pili.') Hasi? Mwalimu wangu, ofisi yangu haijapata kutoa jibu hasi! Lakini kwa kuwa mimi ni msikivu, nabonyeza hasi tatu... mbili nukta nne nne! Mnauona uthabiti huo? ('Kizime basi, baba!' anapaza sauti msichana wa mstari wa nyuma.) Nimekizima, binti yangu: mbili nukta nne nne! Hakizimiki, kama maendeleo yetu! (Kicheko ukumbi mzima.)

"Kisio kimoja, jibu moja! Kikokotoo juu! ('Juu!' Hafifu.) Namalizia kwa shukrani. Namshukuru seremala wa ofisi aliyenichongea hiki kwa mabaki ya mlango wa stoo, na mchora mabango aliyekipaka skrini, mistari na jibu lake, kwa rangi isiyofutika. Na vile arobaini msiwe na shaka: kamati ya kufikiria kuviagiza nitaiteua, mwenyekiti wake nikiwa mimi. Asanteni sana!"

Sijasaini. Nilimwambia kalamu imeisha wino, akanijibu, "Kijana, wino upo, ulichokosa ni moyo. Ijumaa saa nne, mezani kwangu."

Kama unacho kikokotoo cha grafu, hata kikuukuu, waazime watoto hadi Jumatatu jioni. Nimeshapata kumi na kimoja. Vikitimia arobaini nitasaini, na chini yake nitaandika vilikotoka. Usipige simu ya ofisi, anaipokea mwenyewe. Zunguka nyuma, dirisha la tatu kutoka kwenye bomba la maji, gonga mara mbili useme umeleta fomu za likizo. Usiulize jina. Mkono utakaotoka kupokea ukiwa na wino vidoleni, ndiye mimi.