Linki Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimesema uongo. Mdogo, lakini mbele ya watu. Mama Elinaza, mkuu wa maktaba ya chuo chetu hapa Kimandolu, aliuliza nani atawaandalia wanafunzi wa sosholojia orodha ya tovuti nzuri. Lilian wa dawati la kuazima vitabu alikuwa anafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema sosholojia ndiyo mapenzi yangu. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu! Lakini Ijumaa wanaamua nani athibitishwe kazini, na nafasi ni moja. Lilian akasema kwa sauti tamu, "Hongera, profesa."

Jumanne, 4 Machi
Kumbe tovuti za sosholojia zipo tele. Majarida ya kusoma bure, mihadhara ya video, takwimu za sensa, mahojiano ya wazee. Nimekopi linki kumi na mbili. Sikufungua hata moja, naogopa virusi. Ila nimehakiki kila herufi na kila nukta mara tatu.
Simu hailali: kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Baba mkubwa Aminieli, kule Poli, alipewa mbavu badala ya kidari, nyama ya mkubwa wa ukoo, kwenye kipaimara cha binamu Hanna. Wiki ya pili sasa wanabishana. Amenitumia linki ya kikundi nimpelekee shangazi Elieshi, aingie atoe ushahidi. Nimempelekea.

Jumatano, 5 Machi
Orodha imekwenda kwa wanafunzi wote. Shangazi amepiga kuuliza kwa nini nimemtumia sensa. Wazee na simu!
Mchana akapiga Baba mkubwa. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Akauliza hawa watu arobaini na mmoja walioingia kwenye ukoo asubuhi hii ni watoto wa nani.
Nikafungua orodha. Namba tisa, mahali pa sensa, ni linki ya ukoo. Nikaenda kukaa stoo, kati ya magazeti ya zamani.

Alhamisi, 6 Machi
Sijala. Nimeandika barua ya kuacha kazi, nikaichana, nikaiandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi.
Lilian naye kajiunga kikundini! Kaandika, "Shikamooni wazee," kisha kamwomba Baba mkubwa aeleze heshima ya kidari. Mzee nyumbani hakuna anayemsikiliza. Ametuma sauti kumi na nne: nani anakata, nani anapewa nini, mbuzi mzima kichwa hadi kwato. Wanafunzi wanamwita mwalimu. Wamepiga kura kwamba kidari kilikuwa chake. Binamu zangu waliogawa nyama wamesalimu amri.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Elinaza aliniita. Akasema Lesian, mhadhiri wa sosholojia, hajawahi kuona wanafunzi wakiifurahia mada ya ukoo namna hii. Kisha akasema namba tisa iondoke mara moja, na kila linki niifungue mwenyewe kabla ya kutuma.
Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Nafasi kapata Lilian. Kaninunulia chai na chapati mbili, akaniambia ukoo wangu ni mzuri kuliko mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkubwa kapiga. Linki ikiondolewa nisikanyage Poli. Tena niongeze kikundi cha upande wa mama, wana ugomvi mzuri wa mgomba uliopandwa mpakani. Nikajibu ndiyo, Baba. Mama Elinaza naye nilimjibu ndiyo.
Nikapata wazo. Orodha mbili! Moja safi, ya wanafunzi. Nyingine yenye vikundi vyote viwili, ya kumwonyesha Baba mkubwa peke yake. Nimezipa jina moja ili nisichanganyikiwe.
Ile safi nimeshawatumia wanafunzi. Sikuwa na haja ya kuifungua. Kati ya yale majina mawili yanayofanana, nilichukua la juu.