Kitabu Kinene Kuliko Vyote

Jumatatu, 6 Novemba

Ewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Ukishindwa kujizuia, soma, lakini usimwambie mtu neno hata moja. Hasa mtu wa ofisi ya mji. Na zaidi ya wote, Mkuu Muroi. Nakupigia magoti.

Majani yamepukutika, na ofisi nzima imeshikwa na homa ya vitabu kama kila mwaka. Mkuu ametangaza kwamba kila mfanyakazi achague kitabu, na Ijumaa, kwenye mkutano wa asubuhi, tusimame tukisimulie. Atakayemgusa moyo atahamishiwa maktaba ya mji. Maktaba! Kimya. Jiko la mafuta ya taa la kuotea moto. Hakuna simu.

Mimi niko dawati la malalamiko ya nguruwe mwitu. Leo mkulima mmoja amenifokea kwamba nguruwe "wenu" wamemaliza viazi vyake vitamu. Wetu! Kana kwamba nimewazaa mimi, Isshiki. Nikaiinamia simu kuomba radhi mpaka paji la uso likagonga meza.

Mpango uko tayari: nisome kitabu kinene kuliko vyote, mbele ya Mkuu. Hauwezi kushindwa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepita duka la vitabu karibu na stesheni. Nimepata historia ya mabwawa ya mkoa wetu. Kizito! Kikimwangukia mbwa, tutazika. Nikaongeza kitabu cha mapishi ya vyungu, yale ya nyama na mboga kuchemshwa pamoja majira ya baridi, unene uleule, kwa sababu tangu niishi peke yangu nakula tambi za kumwagia maji ya moto. Mwenye duka akauliza kama avivalishe karatasi ya kufunika majalada. Nikasema ndiyo. Nani husema hapana?

Mchana, kantini. Nikafungua mabwawa kwa madaha. Mkuu akapita. Akaona nini? Karatasi ya kaki! Na kumuuliza mtu anasoma nini chini ya karatasi ni sawa na kumuuliza kavaa nini chini ya suruali. Hakuuliza.

Dada Wakana wa uhasibu, mpinzani wangu, ndiye aliyecheka. "Mdogo wangu, hilo tofali umeliiba kwa nani?"

Jumatano, 8 Novemba

Nimeng'amua jambo nikipiga mswaki. Kama hakuna anayeona ndani, kwa nini niteseke na saruji? Mabwawa yamebaki nyumbani. Nimebeba vyungu.

Kwenye ngazi nikajigonga kwa Mkuu kama kwa bahati mbaya, nikamwambia nimezama kwenye mabwawa. Akasema, kumbe vijana wa maana bado wapo! Mchana nikasoma vyungu kwa kukunja uso. Nikashusha pumzi kwenye supu ya chaza. Mkuu akapita polepole, akaguna kwa heshima.

Wakana akaniambia nifute mdomo, mate yanajaza bwawa. Wivu tu.

Maktaba ni yangu. Nimeshachagua kiti.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilikuwa nimekariri maneno ya nyuma ya kitabu cha mabwawa. Nikayatoa yote, bila kukwama. Mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshafika!

Ndipo Wakana akainua mkono, sauti ya asali. "Mkuu, tungeomba atusomee japo aya moja iliyomgusa."

Mkuu akasema vizuri sana. Kitabu mkononi kilikuwa vyungu. Cha mabwawa kilikuwa kinashikilia dirisha langu lisipige kelele. Nikafungua popote. Macho yakaingia giza. Mdomo, ambao umefunzwa kutii, ukasoma:

"Chukua nyama ya nguruwe mwitu, ikate nyembamba, uipange sahanini kama petali za ua. Usiwe na haraka. Nyama hii haiogopi moto. Kadiri inavyochemka ndivyo inavyolainika."

Nikasubiri kufukuzwa kazi.

Mkuu alikuwa analia! Baba yake alikuwa mwindaji, kumbe, na kila majira ya baridi aliwapikia chungu hicho. Akanishika mabega mbele ya watu. Akasema kijana huyu anaona haya, anajificha nyuma ya mabwawa, kumbe hata akila anawawaza nguruwe wake! Mtu kama huyu kumpeleka maktaba ni dhambi. Kuanzia leo ni msimamizi wa dawati la nguruwe, na atapanda mlimani na wawindaji.

Makofi. Nikainama. Ningefanya nini?

Maktaba kapewa Wakana, kwa kijitabu cha konokono chenye unene wa kitambaa cha mkono.

Jumatatu, 13 Novemba

Mlimani. Sikumwona nguruwe kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Wawindaji wananiita "Bwana Chungu". Wakana, akifungasha vitu vyake, ameniomba nisimsahau nikipata paja la nguruwe.

Nimetafakari kwa makini kosa lilikuwa wapi. Ni wazi: kitabu hakikuwa kinene vya kutosha. Kingekuwa kinene zaidi, nani angethubutu kuomba aya? Jioni nimenunua sheria zote za kodi, na katuni zenye unene uleule. Nimeomba vyote vivalishwe karatasi. Mwakani hawatanipata!

Ukitaka kunirudishia daftari, piga simu ofisi ya mji, uombe dawati la nguruwe. Iache iite sana. Huwa najificha mpaka ikate tamaa. Nikipokea, wahi kusema ni habari ya paka. Nikisikia neno nguruwe, nakata.