Kifuniko cha Uani kwa Papa Émile

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeahidi! Papa Émile, baba yake Chimène, hataki kuwapokea tonton zangu, wajomba na ami, waje kuniposea Chimène mpaka dot, sherehe ya mahari, ya binti yake mkubwa, Déborah, ipite salama Jumamosi. Taabu ni uwanja wake. Katikati kuna kifuniko cha mfereji uliozikwa, unaopeleka maji ya mvua mtoni Tshopo. Mvua ikichachamaa, maji yanainua kifuniko na kufurika uani. Mwaka jana dot ilivunjika hivyo hivyo: wakwe walikimbia na mbuzi wao. Nimemwambia Papa aniachie mimi, maji ndiyo fani yangu. Nilisoma hidroliki karibu mwaka mzima! Chimène amenitazama kwa mashaka, lakini amenitazama.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimetengeneza mfano wa mfereji. Mpira wa maji, bidoni, chupa iliyokatwa katikati iwe tundu la kifuniko. Mwishoni ndoo tupu, ndiyo mto. Maji yakapita bila shida. Papa Émile akapiga makofi.

Kisha akaja Rolly, jirani mwenye kompyuta, ambaye pia anamtaka Chimène. Akauliza ni mto gani huo mtupu mwezi wa kumi. Akaijaza ndoo pomoni, akaipandisha juu ya matofali. Balaa! Maji yakarudi nyuma na kububujika chupani, shati jeupe la Papa likalowa lote. Rolly akaeleza kuwa mto ukijaa unauziba mdomo wa mfereji, maji yanasongamana ndani na kutafuta tundu. Ati lazima kwanza tupime kimo cha mto. Wivu mtupu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimepata! Maji yanatafuta tundu? Basi yanyimwe tundu. Jukwaa la kwaya ya wamama litakaa juu ya kifuniko. Na kwaya ya Mama Clothilde haina mama mwembamba, Mungu asifiwe. Nimemwomba awalete wote, hata wasiojua kuimba. Akanijibu: "Bon, tutakuya, lakini batu ya kwaya iko na njaa." Nimeahidi pondu ya majani ya muhogo na samaki kabla ya wimbo wa kwanza. Kila sahani ni uzito.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua ya kutisha. Mto umejaa. Wakwe wameketi chini ya turubai, wakavu kabisa! Chini ya jukwaa mfereji unanguruma.

Mambo sawa mpaka wamama walipoanza kucheza. Wakiruka, kifuniko kinaruka nao. Fyuu! Tonton wa bwana harusi akalowa miguu. Nikamkimbilia Mama Clothilde, nikamsihi wimbo wa polepole, hata wa matanga. Akasema dot si kilio. Nikapanda jukwaani mwenyewe, nikamvuta na Rolly aongeze uzito, naye alikuwa anacheka hata hakupinga. Nikawaomba wamama wachezeshe mabega tu. Kifuniko kikatulia!

Mbuzi wakapokelewa. Vigelegele! Papa Émile akanikumbatia mbele ya watu wote: "Landry, weye iko mutoto yangu. Batonton yako bakuye!" Chimène akacheka hadi machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Tumecheza mpaka giza likaingia.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimerudi nyumbani. Maji yaliyonyimwa njia kwa Papa Émile yametokea kwenye kifuniko kinachofuata. Kiko mlangoni kwangu. Godoro linaelea. Suti ya kuposea imeloa. Kambale mzima anazunguka chini ya meza!

Rolly amekuja na kompyuta yake. Kwa upole kabisa akasema kimo cha mto kingepimwa, haya yangejulikana mapema. Nimemshukuru, nikampa kambale, nikamwonyesha mlango. Kupima mto kwa nini, na dawa imeshaonekana? Nimezungumza na Mama Clothilde: mvua ijayo, kwaya itafanya mazoezi mlangoni kwangu.

Kifuniko kinachofuata baada ya changu kiko uani kwa bourgmestre, meya wetu. Naye atafute kwaya yake.