Malalamiko Kuhusu Alto Wetu Waliohamia Barafuni

Crystal, Minnesota
Februari 1996

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wetu, Mzee Kiprop,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi Maurice, mwalimu wako wa kwaya, nimevumilia tangu theluji ya kwanza, na sasa uvumilivu umenishinda.

Kama ujuavyo, binti yetu Keziah, kiongozi wa alto na mwanafunzi wa chuo kikuu, alijiunga na klabu ya wasichana ya mpira wa magongo wa barafuni. Wakati huo walikuwa wachache, hata mchezaji wa akiba hawakuwa naye. Nilidhani klabu itajifia yenyewe kabla ya Pasaka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Malalamiko yangu ni haya:

1. Keziah ametupora desturi. Ni sisi tulioanzisha kumtembelea asiyeonekana ibadani Jumapili. Yeye ameipeleka barafuni. Msichana akikosa mazoezi mara moja tu, wenzake wanamgongea mlango bwenini na chupa ya chai ya maziwa na chapati, wanamjulia hali, kisha wanaketi bila haraka. Wasichana wa Kimarekani hawajawahi kufanyiwa hivyo. Mmoja alilia, akarudi mazoezini na dada yake. Hivyo ndivyo klabu inavyokua, Mzee: kwa chapati zetu.

2. Alto wamekwisha. Alitangulia Wambui, akafuata Nkatha, kisha Dinah, ambaye hata akitembea kwenye theluji hushika ukuta. Nilipomuuliza Keziah, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, Saturday hatutaweza ku-practice, tuna game. Lakini tutawaombea." Yaani wao ndio watuombee sisi, tulio ushirika.

3. Na kweli wanaomba. Kabla ya mchezo wanasimama duara na kuimba wimbo wetu wa Pasaka, ule uliotushinda tangu Krismasi. Wanauimba kwa sauti nne, Wamarekani wakiwemo, helmeti kichwani. Niliusikia mwenyewe nikiwa kwenye viti vya watazamaji, nilikokwenda kwa uchunguzi tu. Alto walikuwa sawasawa. Iliniuma sana.

4. Pasaka hii nitasimama mbele ya watu na besi watupu, pamoja na soprano mmoja, Mama Philister, ambaye huanza wimbo wake mwenyewe. Aibu hiyo ni yangu peke yangu.

Kwa hiyo naomba uamuru Keziah aturudishie desturi yetu, na klabu itafute ya kwao. Pili, chapati zipigwe marufuku kuvuka mto Mississippi. Hayo yakishindikana, ushirika ufunge na kuomba ili jua liwake na barafu iyeyuke. Nimeambiwa barafu yao iko ndani ya jengo na inalindwa na mitambo. Basi na mitambo tuiombee iharibike.

Nisalimie Mama Joan, vijana wa Fridley, wazee wa Plymouth, na kamati ya kutembelea wasioonekana, kama bado ipo.

Wako mtiifu, mwenye kwaya ya sauti moja na nusu,
Maurice

Tanbihi: Mzee, barua hii imechelewa kwa sababu homa ilinilaza, hata Jumapili sikuja. Kutoka kwaya sikumwona mtu. Siwalaumu, najua kila mtu ana zamu kazini. Jumatatu mlango uligongwa. Wakajaa sebuleni wasichana wa klabu, wengine hata majina yao siwezi kuyatamka, wakakaa sakafuni na magongo yao, huku kipa akisukuma chapati jikoni kwangu. Keziah alisema tu, "Mwalimu, hatukukuona kwa game." Nililia, Mzee, na haikuwa homa. Kuhusu yale maombi ya mitambo, tusiyaanze. Waambie besi kwamba Jumamosi hakuna mazoezi ya kwaya. Kuna beki mmoja anayekaa Fridley, hajaonekana barafuni wiki hii, na zamu ya kumtembelea ni yangu.